Masomo sita kuhusu ubaguzi wa makazi kwa wanafunzi wa sheria za biashara: tathmini baada ya muhula mmoja

Kwa muhula mzima uliopita nimefundisha kwa kutumia kifurushi cha masomo ya kidijitali kuhusu ubaguzi wa makazi nchini Marekani, kilichotengenezwa mahususi kwa walimu wa sheria za biashara. Sasa mitihani imekwisha kusahihishwa na leseni ya idara yetu inakaribia siku ya kulipiwa upya, nimeona vyema niandike tathmini kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofikiria kukinunua. Sitamtaja mchapishaji kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimekwisha kumpelekea naye ameahidi kuzirekebisha. Kifurushi chenyewe kina vipindi sita vya dakika 75 kila kimoja, na kila kipindi kina video fupi, slaidi, muhtasari wa hukumu moja au mbili, benki ya maswali na mwongozo wa mwalimu.

Ni lazima kwanza nieleze ninaofundisha, kwa maana hapo ndipo kipimo changu kinapoanzia. Wanafunzi wangu hawasomi ili wawe mawakili. Wengi watakuwa wahasibu, maafisa mikopo, madalali wa nyumba, wasimamizi wa majengo ya kupangisha au wamiliki wa biashara ndogo, na somo la sheria za biashara ndilo pekee la sheria watakalowahi kulisoma. Katika muhula mmoja inawapasa wajue mkataba ni nini na unavunjwaje, wakala anambebesha nani dhima, mali inahamishwaje, na mahakama hutoa nafuu gani mtu anapokosewa. Ubaguzi wa makazi, katika vitabu vingi vya somo hili, hupewa aya mbili mwishoni mwa sura ya mali isiyohamishika, na mwalimu aliyechelewa na ratiba huziruka. Kwa hiyo swali nililokiuliza kifurushi hiki halikuwa kama kinasimulia historia vizuri. Nilitaka kujua kama kinawaonyesha wanafunzi kwamba mitaa ya Wazungu watupu na mitaa ya Weusi watupu ilijengwa kwa zana zilezile wanazojifunza Jumatatu na Jumatano: mkataba, hati, mkopo, uwakala na fidia. Kwa swali hilo, kifurushi kinafaulu sana mahali pachache na kushindwa vibaya mahali pengine.

Kipindi cha kwanza ni cha ramani, na ndicho nilichokipenda kidogo kuliko vyote. Kinaonyesha ramani za miji zilizochorwa katika miaka ya 1930 na Home Owners' Loan Corporation, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1933 kuokoa wenye nyumba walioshindwa kulipa rehani, ambamo mitaa iligawanywa katika madaraja manne ya hatari ya kukopesha, kuanzia ile iliyohesabiwa bora hadi ile iliyohesabiwa hatari kabisa: kijani, buluu, manjano na nyekundu. Karibu mitaa yote ya Weusi ilipakwa rangi nyekundu, kama ninavyopenda kuwaambia wanafunzi. Ni ramani zenye nguvu na kila darasa huzitazama kwa ukimya. Hata hivyo ramani hizo, za miji zaidi ya 200, pamoja na fomu za maelezo ya kila mtaa, zimewekwa wazi bure na Chuo Kikuu cha Richmond katika mradi wake wa Mapping Inequality, na mwanafunzi anaweza kuzifungua mwenyewe, akatafuta mji wake na kusoma kwa macho yake maneno ambayo mkaguzi wa wakati huo aliyaandika kuhusu wakazi. Kulipia slaidi zenye ramani tano zilizochaguliwa na mtu mwingine ni kununua maji huku umeketi kando ya mto.

Kuna tatizo kubwa zaidi la maudhui. Kipindi kinasimulia kana kwamba ramani hizo ndizo zilizowanyima Weusi mikopo, ilhali sehemu kubwa ya mikopo ya shirika lile ilikuwa imekwisha kutolewa kabla ramani hazijakamilika, na wapo wenye nyumba Weusi walioipata. Mkono mzito zaidi ulikuwa wa Federal Housing Administration, iliyoundwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, ambayo mwongozo wake kwa wakaguzi ulihesabu mchanganyiko wa rangi kuwa hatari kwa thamani ya nyumba na kupendekeza masharti ya ubaguzi yaandikwe katika hati. Kwa afisa mikopo wa kesho tofauti hii ina uzito. Ramani ni picha ya maoni, lakini mwongozo wa dhamana ni kanuni ya kazi inayomwambia mtu aliyeketi mezani aidhinishe nini na akatae nini. Mwongozo ule unatajwa katika slaidi moja tu, tena kwa haraka.

Kipindi cha pili kinarudi nyuma hadi mwaka 1917, jambo linalowachanganya wanafunzi kwa mpangilio wa miaka, lakini nimekisamehe kwa sababu ni kipindi bora kuliko nilivyotarajia. Kinashughulikia kesi moja tu, Buchanan dhidi ya Warley. Mji wa Louisville, Kentucky, ulikuwa umetunga sheria mwaka 1914 iliyomkataza Mweusi kuhamia kwenye nyumba iliyo katika eneo ambalo wakazi wake wengi walikuwa Wazungu, na kumkataza Mzungu vivyo hivyo upande wa pili. Buchanan, Mzungu, alimuuzia kiwanja Warley, Mweusi, ambaye alikuwa kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mjini humo. Katika mkataba wao Warley aliweka sharti kwamba hatalazimika kupokea hati wala kulipa iwapo sheria za jimbo na za mji hazimruhusu kuishi katika nyumba atakayoijenga hapo. Kisha akakataa kulipa, akisema sheria ya mji inamzuia. Buchanan akaenda mahakamani kuomba amri ya kutekelezwa kwa mkataba wenyewe, na ili ashinde ilimbidi athibitishe kwamba sheria ile ya ubaguzi ilikuwa batili.

Mwalimu yeyote wa mikataba ataona hazina iliyomo hapa. Muuzaji Mzungu anatetea haki ya mnunuzi Mweusi kuishi anakotaka, na mnunuzi Mweusi anajikinga kwa sheria inayomdhalilisha. Darasa langu lilichukua karibu dakika kumi kuamini kwamba halijachanganya majina. Ndipo mtu anapoelewa kwamba kesi ilipangwa makusudi ili kuijaribu sheria, na kwamba sharti lile la mkataba liliandikwa kwa ustadi wa fundi anayekata ufunguo kwa kufuli anayoijua. Mwongozo wa mwalimu unauliza maswali ninayoyataka: sharti hili ni la aina gani, nani ana mzigo wa kuthibitisha kwamba limetimia au halikutimia, kwa nini Buchanan hakuomba fidia ya fedha badala ya amri ya kutekeleza mkataba. Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliibatilisha sheria ya Louisville kwa sababu ilimnyang'anya mwenye mali haki ya kuiuza kwa amtakaye. Kipindi kinasisitiza, na ni sawa kabisa, kwamba ushindi huo ulisimama juu ya haki ya mali zaidi kuliko juu ya usawa wa watu, na kwamba udhaifu wake ulikuwa hapohapo. Kama tatizo ni serikali kuingilia mali ya mtu binafsi, basi watu binafsi wakikubaliana wenyewe kubagua, hoja hiyo haiwagusi.

Hilo ndilo lango la kipindi cha tatu, kinachohusu masharti ya hatimiliki, na hapa mchapishaji aliingia vizuri kisha akajikwaa. Baada ya sheria za miji kufungiwa mlango, majirani waliandikiana mikataba ya kutowauzia wala kutowapangishia Weusi, na mikataba hiyo ikasajiliwa pamoja na ardhi ili imfunge kila atakayeinunua baadaye. Kesi ya msingi ni Shelley dhidi ya Kraemer ya mwaka 1948, kutoka St. Louis, Missouri. Mwaka 1911 wamiliki 30 kati ya 39 wa eneo lile walitia saini makubaliano ya miaka 50 yaliyowazuia watu wa asili ya Kiafrika na ya Asia kuishi hapo, na mwaka 1945 familia ya Shelley ikanunua nyumba bila kujua kwamba makubaliano hayo yapo. Majirani wakaomba mahakama iwaondoe. Mahakama ya Juu, kwa kura sita bila kupingwa kwa kuwa majaji watatu hawakushiriki, ilisema kwamba mahakama ya jimbo ikitia nguvu makubaliano kama hayo inakuwa ni serikali yenyewe inayobagua, kinyume cha Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayoyakataza majimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu benki ya maswali ya kifurushi haikuisoma. Swali moja linauliza athari ya hukumu ya Shelley, na jibu linalotajwa kuwa sahihi ni kwamba makubaliano ya ubaguzi yalifanywa kuwa haramu. Si kweli. Mahakama ilisema wazi kwamba makubaliano yenyewe, watu wakiyatii kwa hiari, hayavunji Katiba. Kilichokatazwa ni mahakama kuyatekeleza. Katika somo la sheria za biashara tunatumia wiki nzima kuwafundisha vijana tofauti kati ya mkataba haramu, mkataba batili na mkataba usioweza kutekelezwa mahakamani, halafu mfano ulio bora kuliko yote nchini humu unakuja na jibu linalozifuta tofauti hizo. Wanafunzi wawili waliojibu vizuri walikuwa wamepewa sufuri na mfumo kabla sijagundua. Kosa hili nilimwandikia mchapishaji, akajibu kwa adabu. Hadi muhula unakwisha swali lilikuwa bado palepale.

Inasikitisha zaidi kwa sababu kipindi hichohicho kinaifuatisha Shelley na kesi ambayo walimu wengi huisahau, Barrows dhidi ya Jackson ya mwaka 1953. Majirani, baada ya kunyimwa zuio, yaani amri ya mahakama ya kumzuia mnunuzi Mweusi, walijaribu njia nyingine: walimshitaki Mzungu mwenzao aliyemuuzia Mweusi, wakidai fidia kwa kuvunja makubaliano. Mahakama ilikataa, kwa hoja kwamba muuzaji anayejua atatozwa fidia hatauza, na kwa hiyo fidia ingefanya kazi ileile ya zuio. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri namna hii kwamba nafuu ya kisheria ndiyo meno ya mkataba, na kwamba haki isiyo na nafuu hubaki maneno kwenye karatasi. Jaji Mkuu Vinson, aliyeiandika hukumu ya Shelley, safari hii alipinga. Muhtasari wa kifurushi unaeleza hoja zake kwa uaminifu, bila kumgeuza mtu mbaya wa hadithi, nami naupongeza kwa hilo. Kinachokosekana ni hatua ya upande wa mikopo, kwamba Federal Housing Administration ilisubiri hadi Februari 1950 ndipo ikaacha kudhamini mikopo ya nyumba zenye masharti mapya ya aina hiyo yaliyosajiliwa.

Kipindi cha nne kinahusu Chicago, na kwa maoni yangu ndicho kinachohalalisha bei. Kinaeleza ununuzi wa nyumba kwa mkataba wa awamu, uliostawi katika miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu Weusi walinyimwa rehani za kawaida. Mlanguzi alinunua nyumba kwa bei ya chini, mara nyingi kutoka kwa Mzungu aliyetishwa kwamba mtaa unabadilika, kisha akaiuza kwa familia ya Weusi kwa bei ya juu zaidi, malipo ya kwanza kubwa na yaliyosalia kila mwezi. Mpaka hapo inafanana na mkopo wowote. Tofauti iko kwenye hati: katika rehani hati huhamia kwa mnunuzi na mkopeshaji hubaki na dhamana, lakini katika mkataba wa awamu hati hubaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Mnunuzi alibeba matengenezo, kodi ya serikali kwa nyumba hiyo na bima kama mwenye mali, na akikosa malipo ya mwezi mmoja tu angeweza kutolewa kama mpangaji, akapoteza kila alicholipa. Muuzaji alikuwa huru kumuuzia mwingine nyumba ileile kesho yake.

Kifurushi kinatoa mkataba wa mfano, ukurasa mmoja na nusu, ulioandikwa kwa lugha ya kawaida ya mikataba ya kipindi kile, pamoja na hati ya rehani ya kawaida kwa ajili ya kulinganisha. Wanafunzi wanatakiwa waweke hati mbili kando kwa kando na kuonyesha kila mahali ambapo hatari imehamishiwa kwa mnunuzi. Ni zoezi gumu na zuri. Niliwapa nusu saa, wakaomba muda zaidi, na mmoja wao, anayefanya kazi ya jioni katika ofisi ya mikopo, alisimama akasema kwamba hakuna kifungu hata kimoja katika mkataba ule kinachotaja rangi ya mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu zoezi hili linafundisha kuliko mhadhara. Ubaguzi ulikuwa umekwisha kufanywa mahali pengine, benki na kwenye dhamana ya serikali, na mkataba ulivuna tu kilichopandwa huko. Kipindi kinamalizia na Contract Buyers League, chama cha wanunuzi kilichoanzishwa mtaa wa Lawndale mwaka 1968, ambacho wanachama wake waligoma kulipa ili kulazimisha mikataba ijadiliwe upya. Video hapa ni ndefu mno na ina muziki wa huzuni usiohitajika. Mazingira yenyewe yana huzuni ya kutosha. Ningependa muda huo utumike kujadili kama mahakama ingeweza kuukataa mkataba kama huo kwa sababu ya ukandamizaji wa masharti yake, hoja ambayo wanafunzi waliileta wenyewe na mwongozo haukuwa na jibu.

Kipindi cha tano, kuhusu Sheria ya Makazi ya Haki iliyotiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ni mchanganyiko wa bora na dhaifu. Kinafungua kwa kifungu cha kanuni za maadili za chama cha kitaifa cha madalali cha mwaka 1924, kilichomkataza dalali kuwa chombo cha kuingiza mtaani watu ambao kwa rangi au uraia wao wangeshusha thamani ya nyumba. Mwanafunzi anayedhani kwamba maadili ya kitaaluma daima ni kinga dhidi ya uovu hapo hukutana na wakati ambapo dalali mwenye huruma ndiye aliyekuwa anavunja maadili. Maneno ya rangi yaliondolewa mwaka 1950, na chama hicho, kwa jina lake la sasa la National Association of Realtors, kiliomba radhi rasmi mwaka 2020.

Kisha kinakuja kile ninachokihesabu kuwa uamuzi wa busara kuliko yote ya waandaaji, yaani kuichagua kesi ya Meyer dhidi ya Holley ya mwaka 2003. Mume na mke wa rangi tofauti walitaka kununua nyumba katika mji mdogo wa California, na wakadai kwamba muuzaji wa kampuni ya udalali aliwazuia kwa sababu ya rangi. Walimshitaki muuzaji, wakaishitaki kampuni, na wakamshitaki pia mwenye kampuni binafsi, ambaye hakudaiwa kushiriki. Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilisema kwamba Sheria ya Makazi ya Haki inafuata kanuni za kawaida za uwakala: kampuni hubeba kosa la wakala wake, lakini afisa au mmiliki wa kampuni hawi na dhima kwa sababu tu ya cheo chake. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kufundisha, darasa lilibishana kuhusu pazia kati ya kampuni na mwenye hisa, yaani kinga inayomtenga na dhima ya kampuni, bila mimi kulichochea. Wapo waliosema uamuzi unawapa wenye kampuni ndogo pa kujificha, na wapo waliosema bila uamuzi huo hakuna atakayethubutu kufungua ofisi ya udalali.

Zoezi la wapimaji ni zuri vilevile. Wapimaji ni watu wanaojifanya wanatafuta nyumba, mmoja Mweusi na mmoja Mzungu, wenye kipato na sifa zilezile, ili ionekane kama watapewa majibu yaleyale. Katika Havens Realty dhidi ya Coleman ya mwaka 1982, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpimaji Mweusi aliyedanganywa kuwa hakuna nafasi ana haki ya kufungua shauri, ingawa hakuwa na nia ya kupanga, kwa kuwa sheria inampa kila mtu haki ya kuelezwa ukweli kuhusu nyumba zilizopo. Mpimaji Mzungu, aliyeelezwa ukweli, hakuwa na haki hiyo kwa msingi huo. Wanafunzi wanaigiza, mmoja akiwa karani wa jengo. Niongeze kwa walimu wenzangu: msimpe mwanafunzi yeyote nafasi ya mbaguliwa kwa kufuata rangi yake. Mwongozo hausemi lolote kuhusu hili, na ilipaswa liwe onyo la kwanza. Mimi niligawa nafasi kwa kura na kuwapa wote karatasi zenye sifa za kubuni.

Udhaifu wa kipindi hiki ni ukimya wake kuhusu misamaha. Sheria ya 1968 inamsamehe, kwa sehemu kubwa, mwenye nyumba anayeishi ndani ya jengo lisilozidi makazi manne, na katika hali fulani mtu anayeuza nyumba yake mwenyewe bila dalali. Slaidi hazitaji msamaha hata mmoja. Mwanafunzi aliyeuliza kuhusu shangazi yake anayepangisha chumba cha juu alistahili jibu kamili, nami nilimpa. Msamaha upo, lakini hauruhusu tangazo la kibaguzi. Tena kwa ubaguzi wa rangi ipo Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866, isiyo na msamaha huo, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha kuwa inawafunga hata watu binafsi katika kesi ya Jones dhidi ya kampuni ya Alfred H. Mayer mwezi Juni 1968. Shangazi asiyejua jambo hili la mwisho anaweza kujiingiza matatani akiwa na uhakika kwamba yuko salama. Kumuuzia mwalimu wa biashara somo la sheria hii bila misamaha yake, na bila mipaka ya misamaha hiyo, ni upungufu usio na udhuru.

Kipindi cha sita, cha matangazo ya mtandaoni, kimeandikwa kwa haraka. Kinataja maafikiano ya Juni 2022 kati ya Wizara ya Sheria ya Marekani na kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, kuhusu namna mfumo wake ulivyochagua nani aonyeshwe matangazo ya nyumba, kisha kinahamia kwenye maswali ya jumla ya aina ya unajisikiaje kuhusu teknolojia. Hapa ndipo ilipaswa kuingizwa kesi ya mwaka 2015 kutoka Texas, ambamo Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikubali kwamba chini ya Sheria ya Makazi ya Haki mtu anaweza kudai kwa sababu ya athari zisizo sawa bila kuthibitisha nia ya kubagua. Programu haina nia. Bila kesi hiyo mwanafunzi hana chombo cha kisheria cha kuishughulikia, naye hubaki na hisia tu.

Kwa upande wa matumizi, video zinafunguka bila taabu, manukuu yake ni sahihi, na muhtasari wa hukumu unaweza kuchapwa. Benki ya maswali haifunguki vizuri kwenye simu, na wanafunzi wangu wengi hufanya kazi zao kwa simu wakiwa kwenye basi. Leseni ni ya darasa moja kwa mwaka mmoja, na kwa chuo cha umma chenye madarasa manne ya somo hili hesabu inakuwa kubwa haraka.

Atakayekinunua na afuate ushauri huu wa mpangilio: aanze na Buchanan, aendelee na hatimiliki huku akilifuta lile swali la Shelley, aingie kwenye mwongozo wa dhamana za mikopo kwa nyaraka atakazozitafuta mwenyewe, atumie ramani za bure kama kazi ya nyumbani, kisha aipe Chicago vipindi viwili badala ya kimoja. Uwakala na wapimaji vifuate, pamoja na ukurasa mmoja wa misamaha atakaouandika kwa mkono wake. Cha matangazo kinaweza kuachwa. Kwa mpangilio huo nimeona katika karatasi za mtihani wa mwisho jambo ambalo sikuwahi kuliona: swali lilihusu mkataba wa kawaida wa kununua gari kwa awamu, na wanafunzi kadhaa, bila kuambiwa, waliuliza kwanza hati iko mikononi mwa nani.

Nimemwandikia mchapishaji kuuliza kama kipindi cha pili, cha nne na cha tano vinaweza kuuzwa peke yake. Bado sijapata jibu, na leseni yetu inakwisha mwishoni mwa mwezi ujao.